Reli ya Hariri na Njia ya Mkato

Wiki hii twende Tokyo, mji mkuu wa Japani. Abiria yuko stesheni kuu, mashariki ya mji, naye anataka kufika Shinjuku, upande wa magharibi. Apande treni gani?

Ramani humvuta kwenye Yamanote, zile treni za kijani zinazouzunguka mji. Mduara wake ni kilomita 34.5, na stesheni hizo mbili zinakaribia kutazamana. Azunguke kusini kupitia Shinagawa au kaskazini kupitia Ueno, ni kilomita 17 na ushei, na nusu saa hupita. Treni ya haraka ya Chuo, yenye rangi ya chungwa, hupasua katikati kilomita 10.3, husimama mara tatu tu njiani, na humfikisha kwa kiasi cha robo saa. Kwa mtu wa kwenda kazini na kurudi kila siku, hilo si jambo dogo.

Kwa nini basi reli iliyo mashuhuri zaidi ndiyo imcheleweshe? Mimi naona tuiulize hariri.

Hariri ilitoka Gunma, kaskazini-magharibi, ikienda kupakiwa melini Yokohama. Kati yake palikuwa na Tokyo, mji uliosongamana nyumba. Mwaka 1885 kampuni ya Nippon Tetsudo ikafungua reli kutoka Shinagawa hadi Akabane, ikipitia viungani, huko Shibuya na Shinjuku. Upande huo wa magharibi wa mduara, basi, haukujengwa kumvusha mtu mjini. Ulijengwa kuukwepa mji, ili mizigo ipite.

Waliotaka kuingia mjini walikuwa wengine. Kampuni ya Kobu ilianza mwaka 1889 na reli ya kutoka Shinjuku kwenda Tachikawa, kisha ikageukia mashariki. Ikafuata handaki la nje la ngome ya zamani ya watawala, mahali ambapo mji wenyewe ulikuwa umeacha nafasi. Ilifika Iidamachi mwaka 1895, na Ochanomizu mwaka 1904, mwaka uleule ilipoanza kuendesha treni za umeme. Mwaka 1906 serikali ikazitaifisha kampuni zote mbili.

Reli ya Chuo ilifika stesheni ya Tokyo mwaka 1919. Mduara haukufungwa hadi 1925, ilipojengwa reli kati ya Kanda na Ueno. Yaani njia ya mkato ilitangulia mzunguko kwa miaka sita! Katika miaka hiyo treni zilitoka Nakano, zikapita Shinjuku hadi Tokyo, zikashuka Shinagawa, zikarudi tena Shinjuku, ndipo zikaelekea Ikebukuro na Ueno. Wajapani wakaufananisha mwendo huo na herufi yao ya "no", iliyojipinda kama konokono. Treni za haraka za Chuo zilianza mwaka 1933.

Nauli haimsaidii abiria kuamua. Katika eneo hilo hutozwa kwa njia fupi kabisa, hata kama abiria amezunguka, ili mradi hakutoka stesheni wala kurudia njia.

Anayerudi kutoka Shinjuku aangalie pia treni ya manjano. Nayo hupita ukingoni mwa handaki lilelile, lakini husimama kila stesheni na haifiki stesheni ya Tokyo. Aliyeipanda ateremke Ochanomizu. Ile ya chungwa huja upande wa pili wa jukwaa hilohilo.