Vigingi vya mwaka 1974

Msukuma wa zamani hakujenga kwa kufuata barabara. Aliangalia mwinuko, maji na njia ya ng'ombe, kisha akazungushia kaya yake ua wa minyaa. Zizi lilikuwa ndani ya ua, shamba likianzia karibu na mlango. Pembeni palitengwa ngitili, malisho yaliyofungwa wakati wa masika ili mifugo ipate majani kiangazi kikikaza. Jirani alikaa mbali kidogo, ila mwano, lile yowe la hatari, ulimfikia.

Kwa mpimaji hiyo ilikuwa vurugu. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini sasa ni amri, itimie kabla ya 1976 kwisha. Mwaka uliofuata Operesheni Vijiji ikaingia mkoani Shinyanga, ambako Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa wakati huo. Familia zilipakiwa kwenye malori zikashushwa penye vigingi vilivyopangwa mstari kando ya barabara. Nia ilikuwa njema, nalisema hilo kwa moyo mweupe: shule na zahanati haziwezi kuifuata kila kaya. Lakini mstari haukujua zizi likae wapi. Samadi ikabaki kijijini, shamba likawa safari, na ngitili zilizoachwa bila wenyewe zikakatwa miti.

Huko New York, mwaka 1961, mwandishi Jane Jacobs alikuwa ameshawashutumu wapangaji waliobomoa mitaa ya watu kwa sababu haikupendeza kwenye karatasi. Kwake mtaa hai una duka chini ya makazi, nyumba kongwe jirani na mpya, na watu njiani tangu alfajiri hadi usiku. Macho ya majirani hulinda kabla ya polisi kufika. Mwaka 1998 James Scott, mwanazuoni wa Marekani, aliviweka vijiji vyetu katika kitabu kimoja na jiji la Brasilia, kama watoto wa fikra moja.

Huku kwetu ngitili zilirudi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986, ulishika kasi ulipowasikiliza wazee, na maelfu kwa maelfu ya hekta yakafufuka.

Tangu 2012 Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, na vigingi vimerudi, safari hii vya viwanja. Mji lazima upimwe. Bila njia gari la wagonjwa halifiki. Ila mpimaji atembee kwanza. Asimame Somanda, hapo Bariadi, jioni, aone mama lishe akipuliza mkaa, cherehani barazani, bodaboda chini ya mti, nyanya mafungu mafungu juu ya gunia. Akiandika "makazi pekee" kwenye ramani, amemfuta fundi cherehani, na saa mbili usiku binti anayetoka masomoni atapita njia isiyo na mtu wala taa.

Pembezoni mwa mji, wapo wanaopanda minyaa kuzunguka kiwanja kabla ya kuleta tofali la kwanza.