HABARI NZITO ZILIPOFIKA MADINA

Ndugu zetu katika dini, hakuna nyumba isiyopata kubishiwa hodi na habari mbaya. Tajiri na maskini, mwanachuoni na asiyejua kusoma, wote katika jambo hili ni sawa. Kinachowapambanua watu ni namna wanavyoipokea. Katika tarikh ya Uislamu zimo siku mbili ambazo mji wa Madina ulipata habari za kuvunja mgongo, nasi yatupasa kuzitazama, ili tupate kipimo cha kujipimia nafsi zetu.

Siku ya kwanza ilikuwa mwaka wa 8 wa Hijra, yaani 629. Jeshi la Waislamu 3,000 lilipelekwa Muta, katika nchi iitwayo leo Jordan. Bwana Mtume (S.A.W.) aliwataja maamiri watatu wa kushika bendera mmoja baada ya mwingine: Zaid bin Haritha, Jaafar bin Abi Talib na Abdallah bin Rawaha. Wote watatu waliuawa. Bwana Mtume aliwapa watu habari hiyo kabla ya mjumbe kuwasili, na huku machozi yanamtiririka.

Kisha akaenda mwenyewe nyumbani kwa Jaafar. Mkewe, Bibi Asmaa bint Umais, alikuwa amekwisha kanda unga wake, amewaogesha wanawe na kuwapaka mafuta. Bwana Mtume akataka aletewe watoto wale. Akawanusa, na macho yake yakalengalenga. Bibi Asmaa akauliza kama imefika habari yoyote ya Jaafar na wenzake. Akaambiwa kuwa wameuawa. Bibi yule akaangua kilio, na wanawake wakamkusanyikia. Bwana Mtume akarudi kwa ahali zake, akaamuru jamaa za Jaafar wapikiwe chakula, kwa kuwa wamefikiwa na jambo la kuwashughulisha.

Siku ya pili ilikuwa nzito kuliko zote. Jumatatu moja ya Mfunguo Sita, mwaka wa 11 wa Hijra (Juni 632), Bwana Mtume mwenyewe alifariki katika chumba cha Bibi Aisha. Sayyidna Umar, ambaye ushujaa wake haukuwa na shaka, hakuweza kuistahimili habari ile. Alisimama mbele ya watu akikana kuwa Mtume amekufa. Akasema amekwenda kwa Mola wake kama alivyokwenda Nabii Musa siku arubaini, naye atarudi.

Sayyidna Abubakar alikuwa Sunh, kando ya mji. Akaja juu ya farasi, akaingia bila ya kusema na mtu. Akamfunua uso Bwana Mtume, akainama, akambusu na kulia. Alipokwisha kulia akatoka. Akamwambia Umar aketi, Umar hakuketi. Watu wakamwacha Umar, wakamwelekea Abubakar. Naye akawabainishia kuwa aliyekuwa akimwabudu Muhammad na ajue kuwa Muhammad amekufa, na anayemwabudu Mwenyezi Mungu na ajue kuwa Yeye yu hai, hafi. Kisha akawasomea Aya ya 144 ya Sura ya Aal Imran. Imepokewa kwamba watu walikuwa kana kwamba hawajapata kuijua aya ile hata siku hiyo. Umar alipoisikia, miguu yake haikuweza kumbeba tena; akaanguka chini, akajua kuwa ni kweli.

Haukuwa udhaifu kuanguka kule. Mtu yule mwenye nguvu aliyatii maneno ya Mola wake mbele ya watu wote, baada ya kuyapinga mauti kwa ulimi wake. Huo ndio unyenyekevu. Wala Abubakar hakukaa akilia mpaka kazi ikaharibika. Jeshi la kijana Usama, aliloliamuru Bwana Mtume kabla ya kufa, alilipeleka, ingawa makabila yalikuwa yakiasi na wengi walishauri lingoje.

Basi na tujitazame sisi wa miji hii ya Maziwa Makuu. Leo habari ya msiba hurushwa kwa simu, ikazunguka mitaani kabla mama wa maiti hajaambiwa. Bwana Mtume alikwenda kwa miguu yake mpaka mlangoni kwa mjane. Leo mfiwa hukopa mchele na nyama ili awalishe waliokuja kumpa pole, na matanga yakiisha hubaki na deni na mayatima. Mtume aliamuru mfiwa ndiye alishwe. Na wako wanaomkaripia mwenye kulia, wakidhani machozi ni upungufu wa imani, hali Mtume na Abubakar wote wawili walilia.

Imani haimzuii mtu kuumia. Humzuia kumkasirikia Mola wake, na humzuia kuiacha faradhi yake kwa sababu ya maumivu. Jumuiya inayotaka kuitwa ya Kiislamu na iwe ya kwanza kupeleka sufuria katika nyumba yenye msiba, na ya mwisho kuwasahau mayatima wake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na atujaalie nyoyo za kuridhika siku mlango wetu nao utakapobishwa. Amin.