Zebaki na afya ya akili katika machimbo ya Geita na Shinyanga

Wachimbaji wadogo hunasa dhahabu kwa zebaki, kisha huchoma mchanganyiko huo, pengine uani, karibu na jiko la familia. Mvuke wake ukivutwa kwa muda mrefu hudhuru ubongo: mikono hutetemeka, usingizi hupotea, kumbukumbu hufifia, hasira huja ghafla. Ni rahisi mtu kama huyo kuitwa mlevi, au kusemwa amerogwa. Uchunguzi wa mwaka 2003 huko Rwamagasa, Geita, chini ya mradi wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, uliwakuta baadhi ya wachomaji wakiwa na dalili za sumu hiyo. Kinga yake ni kigida, chombo kinachofungia mvuke, na kuchomea mbali na makazi. Kitambaa cha puani hakizuii mvuke huo.