Bwana na bibi mbele ya simba: bunduki ilikuwa mkononi mwa nani?

ISANGI – Hapa ambapo mto Lomami unaingia katika mto Congo, bwana na bibi kupanda mtumbwi mmoja kwenda kutafuta chakula ni jambo la kila siku. Lakini jioni, hadithi za chui na mamba zinapoanza, mara nyingi linasikika jina la mwanaume tu. Bibi anatajwa kama mtu aliyebeba chungu.

Historia ya Martin na Osa Johnson inasema vingine. Hawa walikuwa Wamarekani kutoka Kansas, waliooana mwaka 1910. Katika miaka ya 1920 walikaa muda mrefu Kenya, hasa kwenye ziwa la mlima Marsabit, wakipiga picha za wanyama. Mwaka 1928 walitoa filamu iliyoitwa Simba.

Wakati ule kamera nyingi za sinema zilizungushwa kwa mkono. Mwenye kuizungusha hawezi kushika bunduki, na akikimbia, picha imeharibika. Kwa hiyo simba alipokaribia, Martin alibaki nyuma ya kamera na Osa akasimama kando yake na bunduki. Kazi yake ilikuwa kungoja. Akipiga mapema, picha imepotea. Akichelewa, bwana yake amekufa. Hakuwa mgeni katika safari ya bwana yake. Uhai wa Martin ulikuwa mkononi mwake.

Baadaye wawili hao waliingia Congo. Walipiga picha za Wambuti katika msitu wa Ituri, na za sokwe wakubwa. Filamu yao Congorilla ilitoka mwaka 1932.

Lakini kule Ituri, ambako kulikuwa pamoja na Tshopo ndani ya Jimbo la Mashariki hadi mwaka 2015, mwanamke kwenda porini na bwana yake lilikuwa jambo la kale. Katika uwindaji wa nyavu wa Wambuti, wanaume hufunga nyavu zao moja kwa nyingine mpaka zifanye nusu ya duara. Wanawake na watoto huingia upande wa pili, wakipiga kelele na kupiga majani, ili mboloko na wanyama wengine wakimbilie nyavuni. Msitu huo una chui pia, na mwanamke anayefukuza wanyama anatembea humo bila mkuki. Bila wanawake, nyavu zinabaki tupu.

Martin alikufa Januari 1937 kwa ajali ya ndege huko California. Osa alijeruhiwa, akapona. Mwaka 1940 alitoa kitabu cha maisha yao, I Married Adventure, kikasomwa na watu wengi sana Marekani. Hivyo mwenyewe alipata nafasi ya kusimulia nani alishika bunduki. Wanawake wa Ituri waliingia katika filamu, lakini hawakupata nafasi ya kusimulia uwindaji wao kwa maneno yao.

Jambo hili linagusa familia zilizokimbia vijiji vyao katika Tshopo. Mtoto anayekulia katika nyumba ya kupokelewa au kwenye kambi haoni tena baba na mama wakitoka pamoja alfajiri. Haoni mtego ukitegwa, wala moto unaowashwa usiku ili chui asisogee. Atakachojua juu ya msitu wa kwao ni kile anachosimuliwa tu.

Basi baba anaposimulia jinsi chui alivyofika karibu na kambi ya uvuvi, amwachie mama nafasi aseme alikuwa wapi usiku ule, na alishika nini mkononi. Mama naye asinyamaze kwa kusema kwamba hayo ni mambo ya wanaume. Siku familia itakaporudi kijijini, watoto watahitaji kujua kazi ya wote wawili.