Klavie AZERTY ao QWERTY: kwa nini "Goma" inatoka "Go,q"

Mashariki mwa Kongo klavie za aina mbili zinakutana kwenye meza moja. AZERTY iliingia pamoja na Kifaransa cha ofisi. QWERTY inafika na mashini zinazonunuliwa Kampala ao Dubai.

Klavie haitumi herufi. Inatuma namba ya fasi kila buto iko, na kompyuta ndiyo inaamua ile fasi inaitwa herufi gani. Kama kompyuta imepangwa AZERTY na buto zimeandikwa QWERTY, mtu anaandika Goma, inatoka "Go,q". Butembo inakuwa "Bute,bo". Beni inabaki Beni, juu herufi zake nne ziko fasi moja kwa zote mbili.

Kwa jina la mji ni kicheko tu. Kwa neno la siri haiko kicheko: skrini inaonyesha nukta, mtu anakosea mara tatu, akaunti inafungwa, naye anadhani ameibiwa. Kwenye kompyuta ya watu wengi, afadhali kujaribu kwanza a, z na m fasi ya jina la mtumiaji, kisha kufuta. Kwa Windows, kama mipango yote miwili imewekwa, kufinya buto ya Windows pamoja na spasi kunabadilisha.

Mwenye QWERTY anayeandika Kifaransa anaweza kuchagua mpango wa US International: finya ' kisha e, inatoka é, ' kisha c, inatoka ç. Lakini Kiswahili kinaumia hapo. Ng'ombe inatoka "ngómbe", mpaka ufinye spasi nyuma ya ile alama. Linux nayo iko na mpango wa Kongo yetu, AZERTY yenye ɛ na ɔ za Lingala.

Klavie za mekaniki, zile buto zake zinang'oka moja moja, zinadanganya wengi. Kuhamisha vifuniko kunabadilisha kile jicho linaona, basi. Tena mara nyingi kila mstari uko na urefu wake, kwa hiyo A ikipanda fasi ya Q haikai sawa. Zile zinazokubali programu ya QMK zinabeba mpango ndani yao, hata ukizipeleka kwa kompyuta nyingine. Lakini kama hiyo kompyuta imepangwa Kiingereza cha Marekani, é haitoki kirahisi. Hapo kwa Windows inabaki njia ya zamani: shika Alt, andika 130 upande wa namba. Kwa ç ni 135.