Upepo Ndani ya Gurudumu

Yamkini, msomaji, umepata kuikokota baisikeli yako hadi nyumbani kwa sababu ya mwiba mmoja wa mgunga. Pancha ni jambo dogo, wala mwenye kupatwa nayo hafikiri kwamba ina historia. Inayo, tena ndefu, na sehemu yake moja ni ya kutisha.

Mtu wa kwanza kuufungia upepo ndani ya gurudumu alikuwa Mskoti, Robert William Thomson. Mwaka 1845, naye ana umri wa miaka 23, aliandikisha serikalini uvumbuzi wa mfuko wa turubai uliotiwa mpira na kuvikwa ngozi kwa nje. Magari ya farasi yenye magurudumu hayo yalijaribiwa katika bustani ya Regent's Park, London, yakaenda kwa wepesi na utulivu kuliko yale ya chuma. Lakini mpira ulikuwa ghali, na kazi yake ikasahauliwa kabisa. Hata John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama aliyekaa Belfast, alipoandikisha tairi la upepo mwaka 1888, alidhani kuwa hakutanguliwa na mtu. Alikuwa amelitengeneza kwa ajili ya baisikeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Baada ya miaka 2 aliambiwa kuwa haki yake ni batili, maana Thomson alikwisha kumtangulia.

Tairi la Dunlop lilikuwa na ila kubwa: lilibandikwa kwa gundi, na kuziba pancha ilikuwa kazi ya saa nyingi. Mwaka 1891 ndugu wawili Wafaransa, André na Édouard Michelin, walitoa tairi liwezalo kuvuliwa na kuvishwa tena. Mwaka huo huo Charles Terront alilitumia katika mashindano ya kutoka Paris hadi Brest na kurudi, mwendo wa kilomita 1,200 hivi, akashinda.

Hapo watu wa Ulaya na Marekani wakazipenda baisikeli kupita kiasi, na haja ya mpira ikapanda ghafula. Wewe uliye Kenya, tazama magharibi, ng'ambo ya maziwa makuu. Tangu 1885 hadi 1908 Kongo ilikuwa milki ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, mali yake mwenyewe wala si ya nchi yake. Misituni mlikuwa na mimea itambaayo yenye utomvu wa mpira. Wanavijiji walilazimishwa kuuleta kwa kipimo. Wake zao walifungwa kuwa rehani hata mzigo utimie. Waliopungukiwa walipigwa viboko au kuuawa, na askari walikata mikono ya maiti, pengine hata ya walio hai, iwe ushahidi wa risasi walizotumia. Utomvu ule hugandamana ukikauka. Kwa hiyo wachumaji wengine walijipaka mikononi, kifuani na mapajani, wakangoja ukauke, kisha wakaubandua pamoja na nywele za mwili. Taarifa ya Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, ilitangazwa mwaka 1904, na kelele za walimwengu zikazidi mpaka mfalme akanyang'anywa milki hiyo. Sisemi kwamba kila aliyepanda baisikeli huko Paris alijua. Wengi hawakuuliza.

Mpira wa ndani uliendelea kutawala katika baisikeli kwa karibu miaka mia. Kisha, katika miaka ya 1970, vijana wa Marin County, California, walianza kuteremka Mlima Tamalpais kwa baisikeli kuukuu, na baisikeli ya mlimani ikazaliwa. Huko mawe huubana mpira wa ndani kwenye rimu na kuutoboa. Ukijaza upepo mwingi ili kuuokoa, tairi huwa gumu, hurukaruka, wala halishiki njia. Mwaka 1999 kampuni za Mavic, Michelin na Hutchinson zilitoa rimu na tairi zinazoziba upepo zenyewe, pasipo mpira wa ndani.

Kuliweka tairi la namna hiyo si uchawi, mradi rimu na tairi ziwe zimefanywa kwa kazi hiyo. Safisha rimu, uizungushie utepe usiopitisha hewa, uvutwe barabara na kufunika matundu yote ya spoki. Toboa tundu moja tu, la vali, uikaze vali humo. Vika tairi, ukiacha sehemu ndogo wazi; mimina dawa ya kuzibia, mililita 60 hata 120 kwa kadiri ya ukubwa wa tairi; kisha malizia kulivika. Kwenye pampu ndipo wengi hushindwa, kwa maana upepo uingiao polepole hutoka polepole vile vile kandokando. Watakiwa upepo mwingi kwa mara moja, ili kingo za tairi ziruke zikae mahali pake. Maji ya sabuni husaidia. Utasikia mlio mkali, usishtuke. Lakini usikipite kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi wala cha rimu. Kisha lizungushe gurudumu, ulilaze upande huu na huu, dawa ienee.

Dawa hiyo, katika aina nyingi, ni utomvu wa mpira, siku hizi wa miti ipandwayo mashambani hasa Asia. Mwiba ukitoboa, upepo huusukuma utomvu tunduni, nao hukauka hapo na kuziba. Baada ya miezi michache hukauka wote, ikakubidi kuongeza. Ukimwagikiwa mkononi, acha kidogo kabla ya kunawa. Utaganda kama ngozi ya pili, na ukiubandua utavuta vinywele vyako.