Rumba ya Wawili na Lugha Yake

Dansi ya wapendanao wawili huwa na muziki uliopangwa kwa hatua. Katika bale ya Urusi ya karne ya 19, Marius Petipa aliuimarisha mpango huo: mwanamume na mwanamke huanza pamoja kwa muziki wa polepole, kila mmoja hucheza peke yake, kisha hukutana tena katika mwisho wa kasi. Katika Nutcracker (1892), Tchaikovsky aliwatungia wawili hao muziki unaojengwa juu ya ngazi moja ya sauti zinazoshuka. Mapenzi yanaelezwa pasipo neno hata moja.

Rumba ya Kongo, ambayo nayo ni dansi ya wawili, ilifuata njia nyingine. Mwaka 1948 mjini Léopoldville, Wendo Kolosoy na mpiga gitaa Henri Bowane walirekodi "Marie-Louise" katika studio ya Ngoma. Bowane hutajwa mara nyingi kuwa mwanzilishi wa seben, yaani sehemu ambayo magitaa hushika usukani baada ya mashairi. Wimbo ukawa na pande mbili: kwanza maneno, wachezaji wakiwa wamekumbatiana, kisha seben, wakiachana. Zaiko Langa Langa, iliyoundwa 1969, iliacha tarumbeta na kuikuza seben. Bale huwakutanisha wawili mwishoni, rumba huwatenganisha.

Tofauti hiyo ina uzito wake Kalemie, mji ulioitwa Albertville hadi 1966. Reli kutoka Kabalo iliufikia mwaka 1915, ikaunganishwa na meli za Ziwa Tanganyika. Wakazi wake huzungumza Kiswahili, ilhali mashairi mengi ya rumba ni ya Kilingala. Upande wa kwanza, ambamo mpenzi humlilia mwenzake, humdai msikilizaji lugha ya pili. Seben haimdai ila miguu. Kwa hiyo kurefuka kwa seben kuliwafungulia mlango wasiojua Kilingala, lakini kulipunguza nafasi ya maneno ya mapenzi.

Isidhaniwe kwamba Kiswahili cha Katanga hakikuweza kuibeba kazi hiyo. Mwenda Jean-Bosco, aliyerekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville (leo Likasi) mwaka 1952, aliimba kwa lugha hiyo kwa gitaa moja tu. UNESCO iliitambua rumba ya Kongo mwaka 2021. Hapana budi uchunguzi wa rumba uyahifadhi mashairi ya Kiswahili pia, kabla waliyoyaimba hawajatutoka.